X13, X12, X10 au X14? Mgonjwa kaungua na mvuke, uandike namba ipi na ya kitabu kipi

Watu wa rekodi, ma-CO (matabibu), manesi mnaobaki na kompyuta usiku wodini, hii nawaandikia nyie hasa wa huku Kigoma na majirani zetu wa Tabora. Swali linalorudi kila siku ni moja, mgonjwa kaungua na mvuke, niweke ICD gani, yaani msimbo upi wa ile orodha ya kimataifa ya magonjwa na majeraha? Na jibu linalokuja haraka ni mtu kaingia Google, kakuta X13.1XXA imeandikwa "mvuke", kaibandika, faili limefungwa. Mimi naona hapo ndipo tunapoharibu taarifa zetu kwa mikono yetu, maana namba ile ni ya Marekani, na ukiikata mkia wa XXA ili mfumo uikubali inabaki X13.1, ambayo kwenye kitabu cha WHO (Shirika la Afya Duniani) ina maana nyingine kabisa. Kwa hiyo kabla hujachagua kati ya X13 ya mvuke na X12 ya vimiminika vya moto inabidi uchague kitabu kwanza.

Kitabu cha WHO na kitabu cha Marekani

ICD-10 ya WHO ilipitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1990, nchi zikaanza kuitumia kuanzia 1994. Marekani wao wakaichukua, wakaipanua kwa ajili ya mambo yao ya malipo na bima, wakaiita ICD-10-CM, na wameanza kuitumia rasmi hospitalini tarehe 1 Oktoba 2015. Sasa kwa vile Wamarekani ndio wameweka tovuti nyingi za kutafuta misimbo, ukitafuta chochote ya kwao ndiyo inakuja juu. Sisi taarifa zetu zinalinganishwa kwa kitabu cha WHO. Toleo lake la mwisho la ICD-10 ni la 2019 na lipo wazi mtandaoni bure kwenye tovuti ya WHO yenyewe, halihitaji kulipia wala kujisajili, so hakuna sababu ya kuokota okota.

Kwenye herufi tatu za mwanzo vitabu vyote viwili vinakubaliana, X13 ni kuguswa na mvuke au hewa ya maji moto kwa bahati mbaya. Tofauti inaanzia baada ya nukta. WHO ile tarakimu ya nne inasema MAHALI tukio lilipotokea, 0 nyumbani, 1 kwenye makazi ya pamoja kama gereza, kituo cha yatima au nyumba ya wazee, 2 shule, hospitali na majengo ya umma, 3 viwanja vya michezo, 4 barabarani, 5 biashara na huduma (soko, mgahawa, gereji), 6 kiwandani au kwenye ujenzi, 7 shambani, 8 sehemu nyingine inayojulikana, 9 haijatajwa. Marekani hiyo tarakimu inasema mvuke ULIMFIKIAJE, X13.0 kauvuta ndani, X13.1 umemgusa kwa namna nyingine, halafu wanajaza XX kama vishika nafasi na mwishoni herufi A kama bado anatibiwa jeraha lenyewe, D kama amerudi kwenye uangalizi, S kama ni madhara yaliyobaki. Mahali wao wanaandika peke yake kwa msimbo wa Y92.

Sasa fikiria mama wa Ujiji kaungua mkono kwa mvuke wa sufuria nyumbani kwake. WHO ni X13.0, nyumbani, imeisha. Aliyekopi Marekani ataweka X13.1, na yeyote atakayeisoma kwa kitabu cha WHO ataona mgonjwa kaungulia gerezani au kituo cha yatima. Na kinyume chake ndio kibaya zaidi, mtu anaona X13.0 kwenye faili, anaitafuta Google, anaambiwa mgonjwa amevuta mvuke mapafuni wakati mtu alikuwa na malengelenge ya vidole tu. Herufi zilezile, tarakimu zilezile, habari mbili tofauti. Ndio maana nasisitiza, kwa kituo chochote cha hapa kwetu chukua WHO, ya Marekani iache kabisa labda kama unasomea kazi za mbali za kufanyia kampuni za kule, hapo ni lazima uijue yao yote na mikia yake.

Ni mvuke kweli, au ni maji?

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo faili linaposema "steam burn" wakati hakuna mvuke uliomuunguza mtu.

Chukua kujifukiza. Tangu ile mwaka 2020 watu walivyopiga nyungu kwa wingi hii kitu imebaki majumbani, mtoto akibanwa mafua anafunikwa blanketi na sufuria la maji yenye mwarobaini au mkaratusi chini. Akiungua uso au akavuta ile hewa ya moto mpaka koo likavimba, huo ni mvuke, X13. Ila akipiga teke sufuria likamwagika mapajani, hapo kilichomuunguza ni maji, na maji yaliyochemshwa jikoni ni X12, vimiminika vingine vya moto. Tukio moja, blanketi moja, misimbo miwili tofauti, na kwa watoto hilo la kumwagikiwa ndilo la kuuliza kwanza. Angalia jeraha lilipo. Mapaja, tumbo na miguu yameungua lakini uso haujaungua, uliza tena sufuria lilikuwaje kabla hujaandika X13.

Usiende X11 pia. X11 ni maji ya moto ya bomba, na ukisoma orodha yake utakuta imetaja beseni na ndoo, basi wengi wakiona mtoto katumbukia kwenye ndoo ya maji ya kuoga wanaichukua. Huku kwetu maji ya kuoga yamechemshwa kwenye mkaa au kuni, na kitabu chenyewe kimeyaweka maji yaliyochemshwa jikoni kwenye X12. X11 labda mgonjwa aliyekuwa hotelini kwenye bomba la maji moto.

Mawese ndio mfano mzuri zaidi kwa Kigoma. Wale akina mama wanaopika chikichi kwenye pipa, wamefunika na magunia, siku nzima inachemka, akija kufunua lile gunia mvuke uliokuwa umebanwa unamvaa usoni na mikononi. X13. Baadaye wakishakamua, yale mafuta yanachemshwa tena ili maji yaishe, yakiruka yakamuunguza hiyo ni X10, maana X10 inabeba vinywaji, vyakula, mafuta ya kula na grisi. Na akiegemea pipa lenyewe la chuma likamuunguza bega, si X13 wala X10. Kwenye sufuria au jiko la nyumbani ingekuwa X15, vyombo vya nyumbani vya moto, lakini pipa la kukamulia mimi naliona linakaa vizuri zaidi X17, mashine na zana za moto. Wengine watabisha hapo, sawa, ila mgonjwa wa kazi moja anaweza kuangukia misimbo mitatu kutegemea ni hatua gani ya kazi iliyomuumiza, na hiyo CO hawezi kuijua asipouliza "ulikuwa unafanya nini wakati ule?"

Mama lishe wa Mwanga sokoni naye hivyohivyo. Chai imemmwagikia, X10. Maji ya ugali kabla hajaweka unga, X12. Kafunua mfuniko wa wali akaungua uso, X13, na tarakimu ya nne ni 5 kwa kuwa ni sehemu ya biashara, kwa hiyo X13.5. Presha kuka ikipasuka si X13 tena, ule ni mlipuko wa chombo cha presha, W38. Lakini kama haikupasuka, yeye ndiye aliyelazimisha kuifungua kabla presha haijatoka, mvuke ukamrukia, hapo naona X13 ndiyo yenyewe. Kwenye jiko la shule yenye boila likapasuka, W35, hiyo ina msimbo wake kabisa.

Rejeta. Lori limechemka njia ya Kasulu, utingo kafungua mfuniko kwa haraka, uso na kifua vimeungua. Watu wakitafuta neno "radiator" wanapelekwa X16 na wanaichukua bila kusoma vizuri, wakati X16 inazungumzia vifaa vya kupasha nyumba joto, yale mabomba ya ukutani ya nchi za baridi. Utingo wetu ni X13 kama ulikuwa mvuke, X12 kama lilikuwa maji lenyewe lililoruka, na mara nyingi kwa rejeta vyote vinatoka pamoja. Hapo mwongozo wangu ni kuuliza nguo zake zililowa? Kama shati lilikuwa linachuruzika maji, X12. Kama hazikulowa sana na ngozi ya uso ndiyo imekuwa nyekundu na malengelenge, X13. Tarakimu ni 4 kama ni barabarani, 5 kama ni gereji. Aliyeungua na ekzosi ya pikipiki iliyopaki ni X17, na huyo hahusiani na mvuke hata kidogo.

Wenzetu wa Tabora wana kesi ambayo sisi hatuna sana, mabani (vibanda vya kukaushia) ya tumbaku ya Urambo, Kaliua na Sikonge. Mule ndani hewa inapashwa moto kwa mabomba ya kupitisha joto, ni hewa kavu ya moto, na msimbo wa hewa na gesi za moto ni X14, tena X14.7 kama bani liko shambani. Ila kama mtu hakuungua popote, kaanguka tu kwa joto, kizunguzungu na kuishiwa nguvu, usimpe X14 wala msimbo wa kuungua, huyo ni T67 kwa madhara ya joto na W92 kwa chanzo, joto kali lililotengenezwa na binadamu. Jua la Agosti mchana ni X30, ni jingine hilo.

Na tusijisahau sisi wenyewe. Nesi anayefungua autoklevu (mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke) kabla haijashusha presha akaungua mkono, X13.2, kwa sababu hospitali iko kwenye kundi la 2. Hawa ndio huwa hawaandikwi kabisa, wanapaka dawa na kuendelea na zamu.

Kwa nini nang'ang'ania mvuke na maji visichanganywe? Gramu moja ya mvuke ikigeuka maji juu ya ngozi inaachia joto la kama jouli 2,260, na hapo bado yale maji yenyewe hayajapoa, wakati gramu moja ya maji ya nyuzi 100 ikipoa mpaka joto la mwili inaachia kama jouli 260 tu. Na mvuke unaingia puani na kooni ambako maji hayafiki kirahisi. Mtu aliyepigwa na mvuke wa pipa usoni anaweza kuja anaongea vizuri kabisa, sauti ikaanza kukwama masaa baadaye njia ya hewa inapovimba. Anayesoma faili akiona X13 ajue aangalie koo, ndiyo faida yake kwa mgonjwa.

Jeraha lenyewe, T20 mpaka T31

X13 peke yake haitoshi, inasema kilichosababisha tu. Kwa mgonjwa aliye hai namba ya kwanza ni ya jeraha, ya X inafuata. T20 kichwa na shingo, T21 kiwiliwili, T22 bega na mkono mpaka kabla ya kifundo cha kiganja, T23 kiganja na kifundo chake, T24 nyonga na mguu, T25 kifundo cha mguu na unyayo, T26 macho, T27 njia ya hewa. Baada ya nukta 1 ni digrii ya kwanza, 2 ya pili, 3 ya tatu, 0 haikutajwa, isipokuwa macho na njia ya hewa ambako hakuna digrii, pale tarakimu inasema sehemu gani, mfano T27.0 ni zoloto na koo la hewa, T27.1 hayo pamoja na mapafu.

Angalia vitabu viwili vinavyoachana hapa pia. Mgonjwa wa pipa la chikichi, nyumbani, bahati mbaya, mkono wa kulia kwenye kiganja na shingo, digrii ya pili, kama asilimia 4 ya mwili. Kwa WHO naandika T29.2, yaani sehemu zaidi ya moja na hakuna iliyozidi digrii ya pili, naongeza T20.2 na T23.2 kama nafasi ipo, T31.0 kwa kuwa ni chini ya asilimia 10, na X13.0. Kwa Marekani ni T23.201A, T20.27XA, T31.0, X13.1XXA na Y92 ya mahali. Wao T29 hawana kabisa, kila sehemu inaandikwa peke yake, na mkono wa kulia na wa kushoto wanautenganisha. Kama hiyo ndiyo unayotaka kujua, kulia au kushoto, WHO ICD-10 haitakusaidia, uandike kwa maneno kwenye maelezo. Ila kwa mgonjwa wa kawaida wa hapa mstari wa WHO ni mfupi, unaeleweka na hauna vishika nafasi vya kukosea.

Asilimia msikadirie kwa macho tu. Kwa mtu mzima kichwa na shingo 9, kila mkono 9, mbele ya kiwiliwili 18, nyuma 18, kila mguu 18, sehemu za siri 1. Mtoto mdogo hesabu hii haimfai kwa sababu kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na miguu, na kwa majeraha madogo yaliyotawanyika tumia kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole, ni kama asilimia 1. T31 inapanda kwa kumi kumi, T31.1 ni 10 hadi 19, T31.2 ni 20 hadi 29, mpaka T31.9 ambayo ni 90 na zaidi. Na T30, ile ya "sehemu haikutajwa", ni ya kukimbilia pale faili limekosa kila kitu, ukijikuta unaiandika mara nyingi nenda kaongee na wanaoandika mafaili.

Bahati mbaya au la

X13 ni ya ajali tu. Mtu akimwagiwa au kuunguzwa makusudi na mwenzake ni X98, akijiunguza mwenyewe X77, na kama daktari ameshindwa kujua Y27. Hii naiomba sana, dada aliyekuja na PF3 (fomu ya polisi) mkononi na mume wake ndiye aliyemmwagia, usimpe X12 wala X13 kwa sababu tu umeona maji au mvuke kwenye maelezo. Ukifanya hivyo kwenye hesabu za mwaka anaonekana ni ajali ya jikoni. Lakini pia wewe wa rekodi usikisie kosa la mtu, andika kilichoandikwa na mtabibu, kama maelezo ni ya mashaka mrudishie faili umuulize. Mtoto ambaye maelezo ya mlezi hayalingani na jeraha lilivyo, vivyo hivyo, muulize mtabibu kabla hujafunga.

Kwa aliyefariki mpangilio unageuka. Kwenye sababu ya msingi ya kifo WHO inataka chanzo cha nje, yaani X13 ndiyo inabeba hesabu, na T29 au T27 inaandikwa ya ziada. Ndio sababu cheti kilichoandikwa "kuungua, maambukizi ya damu" bila kusema aliungua na nini kinampa mtu wa misimbo shida kubwa, hana pa kwenda zaidi ya misimbo ya jumla ya chanzo kisichotajwa.

ICD-11 je?

Ilipitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika kimataifa tarehe 1 Januari 2022. Majeraha yako sura ya 22, vyanzo vya nje sura ya 23, na tofauti yake kubwa ni kwamba hujibanwi kwenye tarakimu moja baada ya nukta, unaunganisha misimbo mikuu kwa mkwaju na ya nyongeza kwa alama ya &, kwa hiyo upande wa mwili, digrii, mahali na kitu kilichounguza vyote vinaweza kukaa kwenye mstari mmoja. Kwa kesi zetu za pipa na nyungu ingefaa sana. Ila usiichanganye na ICD-10 ndani ya mfumo mmoja kwa kuona imependeza, misimbo yake haifanani hata kwa sura na ukianza nusu nusu hakuna atakayeweza kujumlisha. Kituo chako kikishaelekezwa kuhamia hamia mazima, kabla ya hapo fanya mazoezi kwa ile programu ya kutafutia misimbo ya WHO, unaandika maneno yenyewe inakuletea msimbo.

Na kwa ma-CO, sentensi moja tu kwenye faili inatuokoa sote: ameungua wapi, digrii gani, asilimia ngapi, kwa kitu gani hasa (mvuke, maji, mafuta, hewa, chuma), alikuwa anafanya nini, wapi, ajali au la. Mkiandika hivyo, kuchagua kati ya X13 na X12 kunachukua chini ya dakika.